Je, wajua? Kwa nini barua pepe iliyolainishwa na akili mnemba huweza kumuudhi zaidi anayeisoma

Mkutubi anayeshughulikia majarida katika maktaba ya chuo kikuu ana jibu gumu la kuandika. Bajeti imepungua, na jarida moja linalotegemewa na idara fulani halitalipiwa tena mwakani. Mwezi uliopita aliwatumia walimu orodha ya majarida yaliyo hatarini kuondolewa, akaomba maoni, ikawa kimya. Leo mkuu wa idara ameandika kwa ukali: mbona hatukushirikishwa? Mkutubi, damu ikimchemka, anajibu:

"Kama nilivyokwisha kuwajulisha, orodha mlitumiwa na hamkujibu. Kwa sasa uamuzi hauwezi kubadilishwa."

Kabla ya kutuma anasita. Anaibandika barua kwenye programu ya akili mnemba na kuiomba iilainishe. Baada ya sekunde chache anapata hii:

"Natumaini barua pepe hii inakupata vyema. Tunathamini sana ushirikiano wetu wa muda mrefu na tunaelewa kikamilifu wasiwasi wako. Kwa masikitiko makubwa, kutokana na hali ya bajeti, tumelazimika kufanya uamuzi mgumu. Tafadhali usisite kuwasiliana nasi endapo una swali lolote."

Neno baya hamna hata moja. Lakini mpe mkuu wa idara aisome, na huenda akakasirika kuliko angeipata ile ya kwanza. Ile ya kwanza ilikuwa na ukali, lakini ilikuwa na habari: orodha ilitumwa, jibu halikuja. Ya pili imefuta ukali na habari kwa pamoja. Mkuu huyo wa idara, naye ni mwalimu, alitaka kujua huduma inakwisha lini, matoleo ya nyuma yatapatikana au la, na mwanafunzi wake wa uzamivu afanyeje. Badala yake anaambiwa asisite kuwasiliana, naye ndiyo kwanza amewasiliana.

Kwa nini chombo chenye uwezo mkubwa namna hii kikaandika hivyo?

Programu kama hii huendeshwa na modeli kubwa ya lugha, ambayo imefunzwa kwa maandishi mengi mno, na kazi yake ya msingi ni kukisia kipande cha neno kinachofuata, kisha kingine, kisha kingine. Ukiipa sentensi ya hasira na kuitaka upole, inashika njia iliyokanyagwa zaidi, yaani maneno ambayo barua nyingi za kikazi huyatumia mahali kama hapo. Kinachotoka kinaweza kutumwa kwa idara yoyote, kuhusu jarida lolote, mwaka wowote. Haikuambiwa kwamba mwalimu huyu anafundisha kozi mbili kwa kutumia jarida hilo, kwa hiyo haiwezi kulisema.

Juu ya msingi huo kuna mafunzo ya pili. Mwaka 2022 kampuni ya OpenAI ilieleza jinsi ilivyoifunza InstructGPT, modeli iliyoitangulia ChatGPT iliyotoka Novemba mwaka huohuo. Ilikodi watu wapatao 40, wakapanga majibu ya mashine kuanzia bora hadi dhaifu, kisha modeli ikarekebishwa ielekee walichokipendelea. Jibu lenye staha ni rahisi kupendwa na mtu ambaye halimhusu. Ndiyo maana sauti ileile ya upole huja iwe unatangaza saa za kufungua maktaba au unamjibu mtu aliyepoteza kitu anachokihitaji.

Kwa sisi tunaoandika Kiswahili kuna jambo la ziada. Katika maandishi yaliyoifunza GPT-3, modeli ya mwaka 2020, zaidi ya asilimia 90 ya maneno yalikuwa ya Kiingereza. "Natumaini barua pepe hii inakupata vyema" ni salamu ya Kiingereza iliyovikwa maneno yetu. Mtu anayefanya kazi kwa Kiswahili siku nzima angeandika "Habari za kazi, Daktari" akaendelea. Msomaji anaisikia tofauti hiyo kabla hajafika mstari wa pili, na anajua hakuna aliyeketi kumwandikia.

Je, basi tuviache vyombo hivi? Hapana, kwa sababu tukiachiwa wenyewe nasi hukosea, na hatujui kama tunakosea. Mwaka 2005 mwanasaikolojia Justin Kruger na wenzake walichapisha utafiti kuhusu barua pepe. Washiriki waliwatumia wenzao sentensi, nyingine za dhati na nyingine za kejeli, wakakadiria kwamba wasomaji wangezitofautisha kwa asilimia 78. Wasomaji walipatia kwa asilimia 56, si mbali na kurusha sarafu. Sentensi kama hizo ziliposemwa kwa sauti, walipatia kwa asilimia 73. Mwandishi huisikia sauti yake kichwani anapoandika, akadhani imesafiri pamoja na maneno. Mkutubi wetu angeweza kuapa kwamba "kama nilivyokwisha kuwajulisha" ni maelezo tu.

Utafiti mwingine uliofanywa Chuo Kikuu cha Cornell na kuchapishwa mwaka 2023 unanigusa zaidi. Watu walizungumza kwa maandishi huku programu ikiwapendekezea majibu ya haraka. Waliotumia mapendekezo hayo waliandika upesi zaidi na kwa maneno ya furaha zaidi, na wenzao wakawaona ni watu wa ushirikiano. Lakini mtu alipomshuku mwenzake kwamba anajibu kwa msaada wa mashine, alimpima vibaya. Chombo kilekile kilisaidia pale kilipotumika, kikadhuru pale kiliposhukiwa.

Mwaka huohuo jambo hili lilionekana hadharani. Mwezi Februari, baada ya watu kuuawa kwa risasi katika Chuo Kikuu cha Michigan State, ofisi moja ya Chuo cha Peabody, sehemu ya Chuo Kikuu cha Vanderbilt, iliwaandikia wanafunzi barua ya kuwafariji. Mwishoni palikuwa na mstari uliosema maneno yametokana na ChatGPT. Wanafunzi waliumia, na ofisi ikaomba radhi. Barua ilihimiza watu kujaliana, na aliyeombwa kuyatafuta maneno ya kujali alikuwa mashine.

Mimi naona kazi bora ya chombo hiki kwa mkutubi ni kusoma kuliko kuandika. Andika barua yako mwenyewe, hata ikiwa na ukali, kisha mpe akili mnemba nafasi ya mpokeaji: "Wewe ni mkuu wa idara. Jarida unalofundishia linaondolewa. Soma barua hii, niambie ni maneno gani yanakuchoma na ni maswali gani yamebaki bila jibu." Haina hisia, lakini imepitia malalamiko na majibu mengi kiasi cha kukisia panapouma. Kwa barua ya mkutubi wetu ingeonyesha upesi kwamba "hamkujibu" ni lawama, kwamba tarehe haipo, na kwamba hakuna njia mbadala iliyotajwa. Hayo matatu yana thamani kuliko aya nne za pole.

Ukiiacha iandike, ikague kama unavyokagua marejeo. Wakutubi tumezoea mwanafunzi kuja na orodha ya makala tusizozipata kwenye hifadhidata yoyote, kwa sababu zilibuniwa na programu. Kwenye barua pepe hubuni ahadi: "tutahakikisha mnapata kila makala ndani ya saa 24." Sentensi hiyo inapendeza, na kesho yake ofisa wa huduma ya kuazimana kati ya maktaba anadaiwa kitu ambacho hakuna aliyekubali.

Urefu nao ni tatizo. Kanuni ya nne ya S. R. Ranganathan, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras nchini India aliyechapisha kanuni zake tano za ukutubi mwaka 1931, inataka muda wa msomaji uokolewe. Sioni kwa nini mwenzetu wa ofisi ya pili asihesabiwe kuwa msomaji.

Hapa kuna jambo ambalo ningeomba lisichukuliwe kirahisi. Kabla ya kubandika chochote, ondoa kinachomtambulisha mtu. Maadili ya wakutubi yaliyopitishwa na shirikisho la kimataifa la maktaba, IFLA, mwaka 2012 yanadai usiri kati ya maktaba na mtumiaji wake. Kwetu siri haiishii kwenye jina na namba ya usajili. Mwanafunzi anayelalamika kwamba amechelewa kurudisha vitabu vitatu kuhusu ugonjwa fulani tayari amesema mengi, na jina la kitabu peke yake linatosha kumfichua kwa wanaomfahamu. Andika "mwanafunzi" na "vitabu vitatu". Programu itakushauri vilevile.

Turudi kwa mkutubi wetu. Programu imemwonyesha mapengo. Tarehe ameitoa kwenye kalenda, matoleo ya nyuma ameyahakiki kwenye mkataba, na habari ya simu ameikumbuka mwenyewe. Anafuta rasimu zote mbili na kuandika:

"Daktari, habari za kazi. Naelewa kwa nini umekasirika, jarida hili liko kwenye kozi zako mbili. Orodha niliituma tarehe 4 mwezi uliopita kwa anwani ya jumla ya idara, na nilipoona kimya nilipaswa kukupigia simu. Sikufanya hivyo, samahani. Huduma itakwisha tarehe 31 Desemba. Matoleo tuliyokwisha kuyalipia yatabaki wazi, nimehakikisha kwenye mkataba. Makala mpya tutaziomba kwa maktaba tunazoazimana nazo, ingawa baadhi zitachelewa. Naweza kuja ofisini kwako Jumanne saa nne asubuhi, unionyeshe zipi wanafunzi wako wanazihitaji kwanza?"