Kiashiria cha uvimbe: kujua dawa gani itafaa

Kiashiria cha uvimbe ni alama iliyo ndani ya seli za saratani, aghalabu protini au badiliko la jeni, inayomwonyesha daktari dawa ipi ina nafasi ya kufanya kazi na ipi itamchosha mgonjwa bure. Hapa hatusemi vipimo vya damu kama CA 15-3. Hiki husomwa kwenye kinyama chenyewe, yaani kipande kilichokatwa kwenye uvimbe.

Chukua saratani ya titi. Maabara hutia rangi kipande chembamba cha kinyama. Penye kipokezi cha estrojeni (protini inayopokea homoni hiyo ya kike), kiini cha seli hugeuka kahawia. Zikishika rangi seli 1 kati ya 100, jibu ni chanya na vidonge vya tamoksifeni, vinavyoizuia estrojeni, vina maana. HER2, protini nyingine iliyo kwenye ukingo wa seli, huchora pete ya kahawia kuzunguka seli, na rangi hupewa alama 0 hadi 3+. Kwa trastuzumabu, dawa inayoilenga HER2, 0 na 1+ ni hasi, 3+ ni chanya. 2+ haitoshi kuamulia: lazima jeni za HER2 zihesabiwe kwa FISH, kipimo kinachozitia jeni alama zinazong'aa.

Chanya si ahadi ya kupona. Ila hasi ya uongo, yaani jibu hasi ilhali kiashiria kipo, ni mbaya zaidi, kwa kuwa humnyima mtu dawa yake, na mara nyingi huanzia kwenye chupa ya kuhifadhia kinyama. Kinyama kikishatolewa huharibika kama samaki asiyetiwa barafu. Kitiwe ndani ya fomalini ya 10% iliyosawazishwa asidi, kabla saa 1 haijapita, kwa ujazo mara 10 ya kinyama: ml 20 za nyama, ml 200 za fomalini. Uvimbe mkubwa ukatwe vipande vya mm 5, la sivyo katikati huoza fomalini haijafika. Maji ya chumvi hayahifadhi kitu.

Kukaa kwenye fomalini ni saa 6 hadi 72. Kinyama kilichotolewa Lamu Ijumaa mchana, kikavushwa kwa boti hadi Mokowe Jumanne ndipo kipande gari, kimeshapitiliza. Na saa ya kukitia kinyama kwenye fomalini iandikwe kwenye fomu 10:00, si “saa nne”. Anayepokea Mombasa huenda akaisoma 4:00.

Ripoti ya estrojeni ikija hasi, uliza kama mifereji ya titi isiyo na saratani, kando ya uvimbe, ilishika rangi ya kahawia. Baadhi ya seli zake hushika kwa kawaida. Zikibaki buluu tupu, bila kahawia yoyote, kipimo ndicho kilichofeli, na kinyama kingine kinahitajika kabla mgonjwa hajanyimwa vidonge.