Maana ya "presha" kwenye mashine ya kuoshea zege

Mtu ana sakafu ya zege iliyoshika utando wa kijani. Mashine yake ya kuoshea, ile inayorusha maji kwa presha, inamchukua siku nzima kumaliza kipande kidogo, kwa hiyo anauliza abadilishe nini. Jibu analopewa karibu kila mara ni lilelile: tafuta yenye presha kubwa zaidi. Anaitafuta, ananunua, sakafu inabaki na michirizi, kazi inakula siku nzima kama zamani, na wanamwambia tena presha haitoshi. Neno hili limebebeshwa mzigo usio wake, na zege za watu zinaharibika kwa sababu hiyo.

Presha ni kiasi cha msukumo kwenye kila kipande cha eneo. Hupimwa kwa bar au psi, na bar 1 ni kama psi 14.5. Maana yake inaishia hapo. Haikuambii maji yanayotoka ni mengi au machache. Maji yana kipimo chake, lita kwa dakika, kilichoandikwa kwenye kibandiko hichohicho cha mashine, na ndicho ambacho macho ya wanunuzi wengi hukiruka.

Linalosahaulika zaidi ni kwamba pampu yenyewe haitengenezi presha. Pampu za pistoni zilizomo kwenye mashine hizi husukuma kiasi kilekile cha maji kwa kila mzunguko. Presha huzaliwa pale maji hayo yanapolazimishwa kupenya kwenye tundu dogo la nozeli, yaani kile kichwa cha mwisho ambamo maji hutokea. Ziba mdomo wa mpira wa bustani kwa kidole gumba: maji yataruka mbali na kuuma mkono, lakini ndoo haitajaa upesi zaidi. Anayefunga nozeli yenye tundu dogo kuliko inavyostahili na kusema ameongeza nguvu ya mashine amefanya hivyohivyo. Tena mara nyingi amejipunja, kwa kuwa presha ikizidi, vali ya usalama ya pampu hufunguka na kurudisha sehemu ya maji nyuma badala ya kuyapeleka sakafuni.

Hata hesabu inawapinga wanaosisitiza presha peke yake. Nguvu ya maji kugonga sakafu hutegemea wingi wa maji na mwendo wake, na mwendo hupanda kwa kipeuo cha pili cha presha. Presha ikiongezwa maradufu huku maji yakibaki yaleyale, kishindo hupanda kwa asilimia 41 hivi tu. Maji yakiongezwa maradufu kwa presha ileile, kishindo nacho kinakuwa maradufu. Na hapo bado hatujagusa kazi ya pili ya maji, yaani kuubeba uchafu uliobanduka na kuutoa pale ulipokuwa. Zege lina vinyweleo. Tope lililobanduliwa na maji machache huzunguka kidogo, hutua tena humohumo, na sakafu ikikauka unaona mawingu ya kijivu.

Hiyo presha ya kupindukia nayo ina hasara yake. Juu ya zege kuna ngozi nyembamba ya saruji laini, chini yake mchanga na kokoto. Nozeli nyekundu, ya digrii 0 (digrii ni pembe ambayo maji hutawanyikia), hukusanya maji yote kwenye nukta moja. Ukiisogeza karibu na sakafu unachora mstari, na mstari huo haufutiki, kwa kuwa si uchafu uliotoka bali ni ile ngozi. Zege lililochunwa hivyo linabaki na mikwaruzo, na mikwaruzo hushika uchafu mpya haraka kuliko zamani. Kwa zege, nozeli ya kijani, ya digrii 25, ndiyo ya kuanzia. Ikiwa sentimita 30 kutoka sakafuni hufunika upana wa sentimita 13 hivi. Ukiishusha hadi sentimita 10, upana unabaki sentimita 4 na ushei, na kishindo kimebanwa humo.

Basi anayetaka kuboresha vifaa aanze na lita. Hapa injini nayo ina usemi, maana bar zikizidishwa kwa lita kwa dakika, kisha zikigawanywa kwa 600, unapata kilowati ambazo maji yenyewe yanadai. Bar 150 na lita 15 ni kilowati 3.75, kabla ya kuhesabu zinazopotea kwenye pampu. Ndiyo maana mashine ndogo ya umeme inayotangaza presha kubwa sana huwa na maji kiduchu: nguvu ni ileile, imeegemezwa upande mmoja. Koki inayoilisha pampu nayo lazima itoe zaidi ya pampu inavyonywa, la sivyo pampu itavuta hewa na kujila yenyewe.

Nozeli ilingane na pampu. Iliyoandikwa 25040 ni ya digrii 25, tundu namba 4, yaani hupitisha galoni 4 za Marekani, kama lita 15, kwa dakika ikiwa kwenye psi 4,000. Kwenye bar 150 hiyohiyo hupitisha lita 11 tu. Tundu nalo hulika. Likipanuka presha hushuka, na watu hukimbilia kubadilisha pampu wakati kilichochoka ni kipande cha chuma kidogo kuliko kidole.

Kwa eneo pana, ile sahani ya mviringo inayofungwa kwenye mashine, yenye mkono unaozunguka chini yake, huondoa michirizi kuliko kitu kingine chochote. Lakini ina nozeli mbili au zaidi, na maji ya pampu yanagawanywa kati yake, kwa hiyo sahani kubwa kwenye pampu ya lita chache itazunguka bila kusafisha. Doa la mafuta ni habari nyingine kabisa: linataka sabuni ya kuyeyusha grisi, muda wa kuloweka, na maji ya moto yakipatikana.

Kwa hiyo ndugu anayeuliza "mashine yako ina presha ngapi?" hajakosea kuuliza, ila ameishia nusu ya swali. Aulize pia inatoa lita ngapi kwa dakika, na nozeli iliyofungwa ni namba ngapi.