"Sikusoma, nitamsaidiaje?" Ticha wa hesabu nimechoka kulisikia hili

Jumamosi iliyopita nimelisikia tena, mara ya tatu ndani ya wiki moja. Mzazi kasimama mlangoni kofia mkononi ananiambia "ticha mimi niliishia la saba, hayo majiometri ya huyu kijana nitamsaidiaje, we pambana nae tu." Nafundisha hesabu fomu wani na fomu tuu hapa Mwanza, na katika maneno yote ya wazazi hili ndo linanikera kuliko yote, maana linasemwa kwa heshima kabisa na si kweli hata kidogo.

Mzee mwenyewe ni fundi ujenzi, saiti zake ziko Mkolani na Buhongwa. Nikamuuliza, baba, ukianza msingi kona unaikamataje mpaka ikae skwea? Akaniangalia kama namtania. Akasema unapiga vigingi unafunga kamba, unapima sentimita 60 upande huu unaweka alama, 80 upande ule unaweka alama, halafu unapima mshazari toka alama mpaka alama, kama haisomi mita moja kamili unasogeza kamba mpaka isome. Kijana wake wa fomu tuu yuko pembeni, kwenye daftari fomula ya Pythagoras (pande mbili za kona ya skwea, kila mmoja mara wenyewe, ukijumlisha unapata mshazari mara mshazari) kaiandika kwa kalamu nyekundu na kuipigia mstari mara mbili, na hajawahi kuviunganisha hivi vitu. Nikamwambia zidisha 60 kwa 60, 80 kwa 80, ujumlishe. 3,600 na 6,400, jibu 10,000, ambayo ni 100 mara 100. Kimya. Kisha akamuuliza baba yake, sio mimi, mbona fundi mwingine anatumia 3, 4, 5? Mzee akajibu "ni ile ile, hizo ni mita, za nyumba kubwa, ukipima kwa kifupi kona ya mbali inakudanganya." Yaani kamaliza mada ya similarity, maumbo ya sura moja yenye ukubwa tofauti, pale pale mlangoni, na juu yake sababu ya kupima kwa urefu, halafu ndo huyo anayesema hajui.

Sasa sisemi kila mzazi ni fundi. Mama anayeuza dagaa pale Kirumba Mwaloni nae anaweza, na huu ndo wimbo wangu wa kila mwaka: usimfundishe mtoto, muulize. Mwambie achore kwanza, bila mchoro hakuna maongezi. Akishakuonyesha pembe fulani ni 70 muulize neno moja tu, "umejuaje?" Akisema "si inaonekana", hajui. Akisema pande hizi mbili ziko sawa kwa hiyo pembe za chini nazo ziko sawa, 180 za pembetatu nzima toa 40 ya pembe ya juu zinabaki 140, gawa kwa mbili, huyo anajua hata kama wewe nusu yake imekupita. Sehemu kubwa ya jiometri ya sekondari ni hiyo, kutaja sababu, na kwenye swali la kuthibitisha maksi ziko kwenye sababu. Dakika 15 baada ya kula zinatosha, simu ikae chumbani, na ya kwako pia mzazi.

Mengine haraka haraka.

"Msingi alikuwa anapata, huku kichwa kimekuwa kigumu." Kichwa ni kile kile, lugha ndo imebadilika. La saba alisoma pembetatu pacha, msambamba, nusu kipenyo, fomu wani ghafla ni isosceles, parallelogram, radius, vyote ndani ya mada moja. Nawaambia wagawe ukurasa wa nyuma wa daftari kwa mstari, Kiswahili kushoto Kiingereza kulia, wengine wanaona aibu kuweka Kiswahili kwenye daftari la sekondari, sijui nani kawafundisha hiyo aibu.

"Mkebe tutanunua mtihani ukikaribia." Jamani! Kugawa pembe kwa bikari ni kazi ya mkono, na mkono unazoea kwa kurudia. Na ukinunua angalia skrubu, bikari iliyolegea inajifungua katikati ya duara, mwisho haukutani na mwanzo, mtoto anadhani kakosea yeye.

"Si anapima tu pembe kwa kipimapembe kwenye karatasi ya mtihani." Hapana. Michoro mingi ya mtihani haijachorwa kwa vipimo halisi, jibu ni 60 yeye anasoma 57 anaandika 57.

"Anaenda tuisheni ya pepa." Sawa, lakini pepa zikiwa za kukariri, nikigeuza pembetatu ile ile kichwa chini anapotea. Nimejaribu, anapotea kweli.

"Kama inamshinda aachane nayo." Hesabu ni lazima mpaka fomu foo, hakuna mlango wa kutokea. Na anayekuja na habari za kwamba wasichana hesabu sio zao, huyo sina muda nae.

Leo kijana wa yule fundi kaja darasani na futi kamba kwenye begi, wamepima kona zote nne za darasa na moja haiko skwea. Saa mbili asubuhi mzee kanipigia, yuko saiti, anaulizia futi kamba yake.