Dohani ya kusubu si ya chuma

Nimemsikia tena mtu akiinua dohani ya injini ya treni ya mfano, kitu kisichozidi punje ya hindi kwa ukubwa, akawaambia wenzake, "Hii ni ya chuma, imefuliwa." Maneno mawili, makosa mawili. Mara ya kwanza nilinyamaza. Ya pili pia. Hii ya sasa imenishinda.

Maana yenyewe ni fupi. Kusubu ni kuyeyusha metali, kuimimina katika kalibu, kuiacha igande, kisha kuitoa ikiwa imeshika umbo la kalibu. Kwenye treni za mfano, vipande vya kusubu ni vile vidude ambavyo plastiki ya kiwandani imeviacha kabisa au imevionyesha kwa mchirizi tu: dohani, kuba la mvuke (lile tuta la mviringo mgongoni mwa injini), vali za usalama, filimbi, taa, bafa za kupokea kishindo mabehewa yanapogusana, masanduku ya ekseli, mipira ya breki inayoning'inia mwisho wa behewa. Unakikwangua kile cha plastiki kilicholala bapa, unakiweka cha kusubu chenye unene na kivuli chake. Kuhusu dhana yenyewe sina zaidi ya hapo.

Kinachoniudhi ni hilo "imefuliwa".

Kufua ni kupiga. Mfua chuma hukitia chuma motoni mpaka kiwe chekundu, akakilaza juu ya fuawe, akakipiga nyundo. Hapo chuma hulainika lakini hakiwi maji. Umbo lake hutoka kwenye mkono wa mpigaji. Ndiyo maana neno hilohilo tunalitumia kwa nguo, kwani zilipigwa jiweni kabla hazijazungushwa mashineni, na kwa nazi inayovuliwa makumbi kwenye kifuo. Kote humo kuna kitu kigumu kinacholazimishwa. Kwenye kusubu hakuna anayelazimishwa. Metali ikishakuwa maji hukimbia yenyewe, ikaingia hata pembe ambayo kidole wala nyundo haviwezi kufika. Kazi yote ilikwishafanywa na aliyetengeneza kalibu.

Maneno yenyewe yanalisema hilo, ukiyasikiliza. Subu limetoka kwenye Kiarabu sabba, yaani kumimina, kama unavyomimina maji. Kalibu ni qalib, umbo la kutilia kitu. Wanaisimu wengi wanalirudisha qalib nyuma zaidi hadi kwenye Kigiriki, kwa neno lililotaja mguu wa mti ambao fundi viatu huuvalisha ngozi ili kiatu kipate sura. Kutoka Kiarabu likavuka tena bahari likaingia Ulaya, na huko ndiko linakosemekana kuzaa kaliba, ule upana wa tundu la mtutu wa bunduki. Kwa hiyo neno limewahi kuwa kiatu, likawa chombo cha kumiminia metali, likawa kipimo cha bunduki, na siku zote limebaki kwenye jambo lilelile: utupu unaoamua umbo la kitakachoujaza. Nyundo haimo popote katika safari hiyo.

Na kuna kosa la tatu, la tahajia, ambalo mimi hulicheka kuliko kulikasirikia. Wapo wanaoandika "vipande vya kusibu". Kusibu ni kupatwa na jambo, aghalabu baya. Dohani ya kusibu ni dohani iliyofikwa na msiba, na kama mtakavyoona hivi punde, zipo.

Mtu ataniuliza tofauti hii ina faida gani kwa behewa lenye urefu wa kiganja. Ipo, na iko machoni. Tazama ubavu wa behewa la mizigo la zamani, la reli halisi. Sanduku la ekseli, lile boksi lililoshika ncha ya ekseli ya gurudumu, lilisubiwa kwa chuma. Pembe zake zimeviringana kidogo, na mara nyingi usoni pake kuna herufi za kampuni ya reli zilizovimba, kwa sababu zilichimbwa ndani ya kalibu. Juu yake kuna springi, mabamba ya feleji (chuma cha pua) yaliyopangwa moja juu ya jingine, na kila bamba lina ukingo wake mkali. Katikati ya mwisho wa behewa kuna kulabu ya kuvutia, na hiyo ndiyo iliyofuliwa kweli, maana uzito wa treni nzima unaining'inia na chuma cha kusubu kingekatika. Vitu vitatu, njia tatu.

Sasa njoo kwenye mfano. Springi, sanduku na kulabu mara nyingi huja vyote vya kusubu, pengine vimeshikana kwenye mkia mmoja wa metali iliyogandia njiani ilipomiminwa. Anayeijua tofauti atachukua tupa ndogo akanoa kingo za springi mpaka kila bamba lijitenge, akaikwaruza kulabu ikonde, akaliacha sanduku na mviringo wake. Asiyeijua atavipiga msasa vyote kwa usawa, hata herufi zilizovimba ziondoke. Nimeona mabehewa mazuri sana yaliyopotezwa hivyo, rangi safi, magurudumu safi, na ubavuni kitu kama sabuni iliyokwishatumika.

Tuje kwenye "chuma". Katika mazungumzo ya kawaida kila kinachong'aa na kulia kikidondoka tunakiita chuma, sina ugomvi na hilo. Lakini chuma ni metali moja kati ya nyingi, na katika vipande vidogo vya kusubu vya treni za mfano karibu hutaikuta. Chukua sumaku uisogeze kwenye dohani yako. Haitashtuka.

Vingi ni vya kile kinachoitwa metali nyeupe: mchanganyiko wa bati na risasi, ukiongezwa antimoni na wakati mwingine bismuthi. Siku hizi iko pia isiyo na risasi. Antimoni, ambayo madini yake ndiyo yaliyosagwa tangu kale kuwa wanja wa macho, huipa metali ugumu na kuizuia isinywee sana inapoganda. Ndiyo maana wachapaji wa zamani waliitia kwenye herufi zao za risasi, ili herufi itoke na kingo kali. Bismuthi ni kioja zaidi, kwani yenyewe hutanuka ikiganda, kama maji yanavyotanuka yakiwa barafu. Changanya hizo vizuri upate metali inayojaza kila kona ya kalibu na kubaki imeijaza.

Kalibu yenyewe ni sahani mbili za mpira mgumu zilizobanwa pamoja, zikizungushwa kwa kasi huku metali ikimiminwa katikati, na mzunguko huisukuma mpaka kwenye vyumba vya pembeni. Ule mstari mwembamba unaoukuta umepita kwenye ubavu wa dohani yako ni pale sahani mbili zilipokutana. Ukwangue kwa ncha ya kisu ukikilaza kisu, usiuchimbe. Na tupa utakayoitumia uitenge kwa kazi hiyo tu, maana metali nyeupe huziba meno yake upesi.

Sasa joto, na hapa ndipo neno moja baya liligharimu kuba. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1538 za selisiasi. Risasi huyeyuka kwenye 327, bati kwenye 232, na ukizichanganya, mchanganyiko huyeyuka chini zaidi ya zote mbili: sehemu 63 za bati kwa 37 za risasi hushuka hadi 183. Metali nyeupe ya vipande vyetu inakaa katika ujirani huo. Ncha ya kifaa cha kawaida cha kulehemu, kwa upande wake, hukaa vizuri tu kwenye 350.

Rafiki yangu mmoja, mtu makini ambaye hupima kila kitu mara mbili, alinunua kuba la mvuke la kusubu kwa ajili ya injini yake ya mwili wa shaba. Nilikuwa nimeketi kando yake. Alilikalisha, akalinyoosha, akalitazama kwa mbele na kwa ubavu, akachukua kifaa kikiwa moto kabisa. Nikamwambia apunguze. "Ni chuma hiki," akasema, "kitavumilia." Akagusa. Kwa muda wa pumzi moja hakikutokea kitu. Kisha kuba likang'aa ghafla kama jicho lenye chozi, likainama upande, likawa tone, na tone likateremka kwenye mgongo wa injini likagandia kwenye reli ya kushikia mkono. Hatukusema neno. Hilo ndilo kuba la kusibu nililowaahidi.

Kinachofanyika ni hivi. Ipo lehemu ya joto la chini, inayoyeyuka kwenye nyuzi 70 hivi, na kifaa kinachodhibitiwa joto. Lakini lehemu hiyo haipendi kushika shaba moja kwa moja, kwa hiyo kwanza unaipaka shaba utando wa lehemu ya kawaida, unasubiri ipoe, ndipo unaleta kipande cha metali nyeupe na lehemu ya joto la chini. Kwenye mwili wa plastiki usilehemu kabisa. Ni gundi ya epoksi. Gundi zile za kukauka papo hapo nazo zinashika, ila dohani ikikaa kombo huna muda wa kuinyoosha.

Vipo pia vipande vya kusubu vya shaba ya njano, vidogo na vikali zaidi, filimbi na vali hasa. Hivyo husubiwa kwa njia ya nta: mfano wa nta huzungushiwa plasta, plasta ikatiwa tanuruni nta ikayeyuka ikatoka, na shaba ikamiminwa katika nafasi iliyoachwa. Shaba hiyo huyeyuka kwenye nyuzi mia tisa na kitu, kwa hiyo kifaa chako cha kulehemu hakiwezi kuidhuru. Nanyi mnaona: vipande viwili, vyote vya kusubu, kimoja hufa kwa mguso na kingine hakijali. Kusubu hukueleza kipande kilivyopata umbo, basi. Metali yake ni swali jingine, nalo lazima uliulize.

Niruhusuni kidogo hapa kwenye shaba, kwa sababu neno hili nalipenda. Katika Kiarabu shabah ni shaba ya njano, na iliitwa hivyo kwa kuwa inafanana na dhahabu. Mzizi wake ndio uliotupa kushabihi, yaani kufanana. Na mfano je? Umetoka kwenye kufana na kufanana. Kwa hiyo injini ya mfano iliyotengenezwa kwa shaba ni kifanani kilichotengenezwa kwa kifanani, na anayeiita "ya chuma" ameupita utani mzuri kuliko wote katika shughuli hii bila kuuona.

Kuna na jamaa wa tatu anayechanganywa na hao: miili mizima ya injini iliyosubiwa kwa zinki kwa kushindiliwa ndani ya kalibu za feleji. Mchanganyiko wake unaitwa Zamak, jina lililounganishwa kutoka herufi za mwanzo za Kijerumani za zinki, aluminiamu, magnesi na shaba nyekundu. Huo ni usubuji wa viwanda vikubwa, wa maelfu kwa maelfu. Una ugonjwa wake pia: zinki ikiingiwa na risasi kidogo tu, baada ya miaka mwili huvimba, hupasuka, na mwisho humeguka kama biskuti. Injini nyingi za kabla ya vita vikuu vya pili zimeishia hivyo. Ugonjwa huo si wa metali nyeupe, usimtishe mtu nao.

Metali nyeupe ina lake. Risasi huchukia mvuke wa asidi, hata ule hafifu unaotoka kwenye gundi nyeupe ya mbao, na hugeuka unga mweupe unaochukua nafasi kubwa kuliko risasi yenyewe. Wapo waliomwaga punje za risasi ndani ya behewa ili liwe zito, wakazigandisha kwa gundi hiyo, na miaka michache baadaye behewa likapasuka ubavu kwa ndani. Tumia epoksi. Na ukishakwangua vipande vyenye risasi, fagia unga kwa kitambaa kibichi, nawa mikono, na usile chochote mezani hapo.

Kwa hiyo ukishika dohani na mtu akakuuliza ni ya nini, sema "ya kusubu, metali nyeupe", au "ya kusubu, shaba". Ukiwa hujui metali yake, "ya kusubu" peke yake inatosha na haimdanganyi mtu. "Imefuliwa" waachie wenye kulabu. Rafiki yangu bado anaviita vyuma, nami nimeacha kumsahihisha, kwa sababu siku hizi kabla hajawasha kifaa chake hugeuka akaniuliza, "Chuma hiki kinayeyuka kwa ngapi?"