Kigunduzi cha Moshi cha Kwenye Dakti: Je, Feni Yako Huzima?

Kuna jengo moja la ghorofa tano mjini Kisumu, jina lake nitalihifadhi, ambako nilipanda ngazi ya fundi nikasukuma kipande cha siling'i bodi kwenye ukumbi wa ghorofa ya tatu. Nilikuwa nakitafuta kigunduzi cha moshi cha kwenye dakti, yale mapito ya mabati ya pembe nne yanayopitisha hewa ya kiyoyozi juu ya siling'i, na kweli kilikuwepo: kisanduku cha ukubwa wa kontena la chakula cha mtoto wa shule, kimefungwa kwa skrubu ubavuni mwa dakti, taa yake ya kijani ikimweka polepole. Karatasi iliyobandikwa ofisini ilisema kimekaguliwa na kiko sawa. Nikafungua kifuniko. Ndani, juu ya kichwa cha kigunduzi, kulikuwa na kofia ya plastiki ya rangi ya chungwa, ile inayotoka nayo kiwandani ili vumbi la ujenzi lisiingie. Haikuwahi kuondolewa. Jengo lilikuwa limeshatumika miaka minne.

"Lakini Madamu," akasema msimamizi wa jengo, mzee mpole aliyekuwa amenishikia ngazi, "si taa ilikuwa inawaka?"

Ilikuwa inawaka, ndiyo. Taa ile inasema stima imefika kwenye kigunduzi. Haisemi kama moshi unaweza kufika.

Wengi wetu tukisikia kigunduzi cha moshi tunawaza kile kisahani cheupe cha darini kinachopiga kelele chapati zikiungua. Hiki cha kwenye dakti ni ndugu yake, ila wametumwa kazi tofauti. Cha darini kinaamsha watu. Cha kwenye dakti kinazima feni. Kengele ikilia pia ni vizuri, na majengo mengine yameunganishwa hivyo, lakini kuna mengine ambamo kigunduzi hiki hupeleka taarifa tu kwenye paneli ya kengele za moto anakokaa mlinzi, na hilo halina ubaya mradi kuna mtu anayeitazama paneli usiku na mchana. Feni isipozima, hapo ndipo kifaa chote kinakuwa pambo.

Chukua hesabu ndogo. Jengo lenye kiyoyozi cha pamoja lina mashine kubwa juu ya paa au kwenye chumba chake, nayo husukuma hewa baridi kupitia dakti, kisha hewa ikavutwa kurudi, ikachanganywa na hewa ya nje, ikasukumwa tena. Feni ya lita 1,000 kwa sekunde si kubwa kwa jengo la ofisi. Chumba cha mita 4 kwa 5 chenye dari ya mita 2.5 kina mita 50 za ujazo. Feni hiyo inasogeza hewa ya kujaza chumba kizima kwa sekunde 50. Sasa waya ukianza kuungua taratibu kwenye stoo ya ghorofa ya kwanza, karibu na tundu linalovuta hewa ya kurudi, moshi haupandi ngazi. Unabebwa. Karani wa ghorofa ya nne ananusa plastiki iliyoungua kabla mlinzi wa chini hajajua kuna kitu, na katika moshi ule kuna kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoshikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni.

Mfano unaofundishwa popote duniani ni wa hoteli ya MGM Grand mjini Las Vegas, Marekani, tarehe 21 Novemba 1980. Moto ulianzia mgahawani, chini kabisa, na ndimi zake zilibaki huko chini. Watu 85 walikufa. Wengi waliuawa na moshi, na wengi kati yao walikuwa ghorofa za juu, mbali sana na moto wenyewe. Moshi ulipanda kwa mashimo ya lifti, kwa ngazi, na kwa mfumo wa hewa.

Fundi mmoja wa viyoyozi aliwahi kunibishia kwamba dampa zinatosha, yaani ile milango ya chuma ndani ya dakti inayojifunga moto ukija. Dampa ya kawaida ya moto inashikiliwa wazi na kipande cha madini kinachoyeyuka kwenye joto la nyuzi 72 hivi. Moshi uliochanganyika na hewa ya kiyoyozi unaweza kupita hapo ukiwa na nyuzi 30, baridi kuliko mchana wa Kondele, Kisumu, mwezi wa Februari. Kile kipande hakihisi kitu, na dampa inabaki wazi ikiutazama moshi ukipita. Inahitajika jicho linaloona moshi wenyewe, na jicho hilo ndilo kigunduzi.

Jicho si neno la kupamba. Vigunduzi vingi vya siku hizi vina chumba kidogo cheusi ndani, chenye mwale wa mwanga na kihisio kilichokaa pembeni kisiuone mwale huo. Hewa ikiwa safi, mwanga unapita na kihisio hakioni chochote. Moshi ukiingia, chembe zake zinatawanya mwanga, sehemu inakipiga kihisio, na kigunduzi kinaamua. Tatizo ni kwamba vumbi nalo linatawanya mwanga. Mvuke pia. Mguu wa mdudu pia.

Sasa kuhusu kukifunga, maana hapa ndipo ninapokuta makosa mengi kuliko kwingine. Kisanduku hukaa nje ya dakti, na mirija miwili ndiyo inayoingia ndani. Mmoja ni mrefu, una matundu, unakata upana wa dakti karibu wote. Huu unachukua hewa. Wa pili mfupi, unairudisha. Matundu ya mrija mrefu lazima yaelekee kule upepo unakotoka. Tofauti ndogo ya msukumo kati ya mirija hiyo miwili ndiyo inayoipitisha hewa kisandukuni, hakuna pampu. Mrija ukizungushwa ukaangalia nyuma, hewa inaacha kupita na taa ya kijani inaendelea kumweka. Mwisho wa mrija mrefu una kizibo cha mpira. Kikianguka, hewa inaingia kwa huko na matundu yanakosa kazi. Dakti ikiwa pana kiasi kwamba mrija unazidi sentimita 90 hivi, toboa upande wa pili uushikilie, la sivyo utatikisika hadi ulegee. Na mashimo yote uliyotoboa kwenye mabati yazibwe vizuri, kwa sababu hewa ya juu ya siling'i ikivuja kuingia kisandukuni itauzimua moshi.

Mahali pa kukiweka pana kanuni yake. Hewa ikipita kwenye kona inavurugika, upande mmoja inakimbia na upande mwingine inazunguka papo hapo, kwa hiyo watengenezaji wengi hutaka kigunduzi kikae umbali wa mara sita ya upana wa dakti kutoka kwenye kona au mahali inapogawanyika. Dakti ya sentimita 60 inadai mita 3.6 zilizonyooka. Mara nyingi hizo mita hazipo, na hapo fundi mwaminifu hupima kwanza. Manomita, kipimo cha kawaida cha msukumo wa hewa, itaonyesha tofauti kati ya mirija, na kijitabu cha kifaa kitasema inayokubalika. Aina nyingi zinataka angalau paskali 2.5, na kasi ya hewa kati ya mita 0.5 na 20 kwa sekunde. Wamarekani, kwenye NFPA 90A, kanuni yao ya usalama wa moto katika mifumo ya viyoyozi, wanataka mfumo unaosukuma zaidi ya lita 944 kwa sekunde uwe na kigunduzi baada ya chujio na kabla dakti haijaanza kugawanyika. Baada ya chujio, kwa sababu chujio nalo linaweza kuwaka.

Kisha waya. Kigunduzi kina swichi ndani yake inayopaswa kukata stima ya kuendeshea feni. Mashine nyingi zina swichi nyingine mlangoni yenye nafasi tatu: kujiendesha, kuzima, na kuendesha kwa mkono. Nimekuta zaidi ya mara moja kigunduzi kikisimamisha feni ikiwa kwenye kujiendesha tu. Siku joto linapozidi na mtu akaipeleka swichi kwenye mkono, kigunduzi kinaweza kupiga kelele hadi asubuhi na feni ikaendelea kusukuma moshi. Mwambie fundi wa stima akuonyeshe ikizima katika nafasi zote mbili. Asikuambie. Akuonyeshe.

Huku kwetu Magharibi na Bonde la Ufa vigunduzi hivi vina maadui ambao vijitabu vya watengenezaji havikuwafikiria. Kisumu kuna wale wadudu wa ziwani wanaotoka kama wingu na kukimbilia taa. Tundu la kuvuta hewa ya nje lililo chini ya taa ya usalama linawanyonya wote, na chujio lililochanika linawapitisha. Kuna unyevu pia. Dakti baridi inayopita kwenye siling'i yenye joto la mchana hutoa jasho kama chupa ya soda, na jasho likiingia kisandukuni kigunduzi kinaona mvuke na kuuita moshi. Dawa yake ni kuziba na kufunika dakti vizuri kwa sufi ya kuzuia joto, lakini mara nyingi watu huchagua kubadilisha kigunduzi, na kipya kinafanya vilevile. Upande wa Muhoroni na Chemelil, miwa ikichomwa kabla ya kuvunwa, majivu meusi husafiri na upepo. Nakuru ni vumbi. Msimu wa kiangazi chujio linaweza kujaa kabla ya tarehe yake ya kubadilishwa, na kungoja tarehe ni kujidanganya.

Lakini anayeongoza kwa kengele za uongo, kwa nilivyoona, ni jenereta. Stima ikipotea, jenereta inawaka, moshi wa dizeli unatoka kwa bomba lililoelekezwa karibu kabisa na tundu la hewa ya nje, na dakika mbili baadaye kiyoyozi kinazima jengo zima. Wapangaji wanalalamika. Mara ya tatu fundi anaitwa, anaunganisha kipande cha waya kukipita kigunduzi, na malalamiko yanaisha. Nimeshavuta vipande kama hivyo kwa mkono wangu. Bomba la jenereta lingerefushwa mita chache kwenda juu lingemaliza neno.

Kosa jingine linatokana na kukiamini kupita kiasi. Kigunduzi cha dakti hakichukui nafasi ya vile vya vyumbani. Moshi wa chumba kimoja ukifika kwenye dakti kuu umeshachanganyika na hewa safi ya vyumba kumi, umekuwa mwepesi. Na jioni ofisi zikifungwa, feni ikizimwa kubana bili ya stima, hewa haitembei, mirija haipati kitu, kigunduzi kimelala mpaka asubuhi. Moto wa saa nane za usiku kinaweza kuukosa kabisa.

Matunzo yake hayana siri kubwa. Kanuni za Kupunguza Hatari ya Moto za mwaka 2007, zinazohusu mahali pa kazi hapa Kenya, zinadai ukaguzi wa usalama wa moto kila mwaka, na kazi ya zima moto iko chini ya kaunti tangu Katiba ya 2010. Usingoje barua. Angalau mara moja kwa mwaka, na mimi ningesema mara mbili kwa Nakuru na kwa jengo lililo ufuoni, kisanduku kifunguliwe, chumba chake kifyonzwe vumbi, mirija itolewe isafishwe, matundu yatazamwe mojamoja. Kama hakuna kimlango cha kukifikia, kiwekwe. Fundi asiyeweza kukifikia atatia sahihi tu na kuondoka, nami simlaumu sana. Jengo likipakwa rangi au kukatwa vigae, kigunduzi kifunikwe na jina la aliyekifunika liandikwe kwenye kitabu, kwa sababu ya ile kofia ya chungwa.

Halafu kijaribiwe. Vigunduzi vingi vina mahali pa kugusisha sumaku, na mafundi wanaipenda kwa kuwa ni kazi ya sekunde tano. Sumaku inathibitisha kwamba umeme wa ndani unafanya kazi. Haithibitishi kwamba hewa inapita kwenye mirija wala kwamba moshi unaonekana. Kwa hayo mawili kuna manomita na kuna moshi wa kopo unaopuliziwa kwa majaribio. Kabla hujaanza, waarifu wapangaji na mlinzi wa paneli, usije ukateremsha watu ngazi tano bure.

Katika lile jengo la Kisumu tuliondoa kofia, tukasafisha, tukazungusha mrija uliokuwa umegeuka kidogo, nikapulizia. Taa ikawa nyekundu. Yule mzee akatabasamu na kuanza kukunja ngazi. Nikamwambia ngoja kwanza, Mzee, sikiliza. Juu ya siling'i feni ilikuwa inanguruma vilevile. Waya wa kuzima feni ulikuwa umefika kwenye kisanduku cha mashine na kuishia hapo, ncha yake imefungwa kwa utepe mweusi. Fundi alikuja siku iliyofuata akauunganisha, tukarudia. Safari hii mngurumo ulishuka, ukawa mluzi, ukaisha. Baada ya dakika chache mlango ukafunguliwa kwenye ukumbi na mama mmoja wa uhasibu akatoa kichwa: "Nani amezima AC?"

Hatukuiwasha mara moja. Feni iliyozimwa na kigunduzi haifai kujiwasha yenyewe moshi ukipungua. Ni lazima mtu aende, aangalie ulikotoka, kisha abonyeze kitufe kwa mkono wake.