Steroidi ya macho si antibayotiki kali

Juzi tena, kwenye duka la dawa, nimemsikia mama akimwombea mwanawe mwenye macho mekundu "ile antibayotiki kali, ya steroidi". Sijui ni mara ya ngapi nasikia hivyo.

Matone ya steroidi, kama deksamethasoni na prednisoloni, hutuliza mcharuko wa jicho, yaani wekundu, uvimbe na maumivu. Basi.

Jina lenyewe halina ukali wowote. Limezaliwa na kolesteroli, iliyopewa jina na Mfaransa Chevreul kwa Kigiriki: khole ni nyongo, stereos ni kigumu, maana ilipatikana kwenye mawe ya nyongo. Steroidi ni kemikali za umbo la ukoo huo. Hizi za macho ni kotikosteroidi. Cortex kwa Kilatini ni gamba la mti, na mwili hutengeneza homoni za aina hii kwenye gamba la tezi zilizokaa juu ya figo. (Za kutunisha misuli ni binamu tu.) Nyongo, jiwe, gamba: hapo nani anaua kijidudu?

Kuchanganya kwenyewe naelewa kunakotoka. Chupa nyingi zina dawa mbili pamoja, kwa mfano deksamethasoni na neomisini, na hiyo neomisini ndiyo antibayotiki. Lakini mcharuko ni mwili kucharuka, na maambukizi ni mdudu aliyeingia. Mbwa anabweka, mwizi yuko uani. Steroidi humnyamazisha mbwa. Kama jicho limecharuka kwa aleji, au baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho, ni sawa, hakuna mwizi. Kama ni virusi vya hapesi au fangasi, wekundu utapungua, utadhani umepona, huku kioo cha jicho kinaliwa. Ndiyo maana daktari hutia kwanza rangi inayong'aa kijani kutafuta kidonda.

Tena ukitumia wiki kadhaa bila kupimwa, presha ya macho inaweza kupanda kimyakimya, na mtoto wa jicho akaja. Watoto wenye aleji, ambao chupa hununuliwa kila msimu kwa mazoea, ndio nawahofia zaidi.

Kwa hiyo, mama yangu, siku nyingine usiombe "kali". Uliza, "Humu mna steroidi?" Ikiwemo na hujaonwa na daktari wa macho, irudishe kaunta. Ikiwa ni yeye aliyeandika, mwulize siku ngapi na lini akupime presha, na usikatishe ghafla. Nyingine hupunguzwa tone kwa tone.