Vihatarishi vya mzalishaji wa mafuta na gesi ni nini?

Kampuni ya mafuta yenye hisa kwenye soko la New York hutakiwa kisheria kueleza, katika taarifa yake ya kila mwaka, mambo yanayoweza kuiharibia biashara. Mambo hayo ndiyo vihatarishi. Sehemu hiyo huwa ndefu, imejaa lugha ya mawakili, na wasomaji wengi huiruka. Mimi ningeanzia hapo, maana ndipo kampuni inapokiri kwa maandishi yale ambayo wakubwa wake hawayasemi wakiwa jukwaani.

Kihatarishi si hasara. Ni jambo ambalo halijatokea na huenda lisitokee kabisa, lakini likitokea litagusa fedha, ratiba au haki za kampuni. Cha kibiashara hutoka sokoni, ardhini au mitamboni: bei imeanguka, kisima kimetoka kikavu, bomba limepasuka. Cha kisheria hutoka kwenye mkataba, leseni, kodi au kesi. Kwa mzalishaji wa mafuta, aina hizi mbili hazikai mbalimbali. Fedha hutangulia kwa miaka mingi kabla ya pipa la kwanza kuuzwa, na zikishazama hazihamishiki. Mwenye kiwanda cha nguo akichoka na nchi atapakia vyerehani vyake. Mwenye kisima kilicho chini ya bahari atapakia nini? Ndiyo maana kabla ya kuchimba kampuni hubembelezwa, na baada ya kuchimba hugeuka kuwa mbembelezaji.

Bei ndiyo inayotajwa sana, na kwa maoni yangu inatajwa kupita kiasi. Ni kweli kwamba tarehe 20 Aprili 2020 mafuta ghafi ya Marekani ya kupokelewa mwezi Mei yalifunga siku kwa dola 37.63 chini ya sifuri kwa pipa, yaani muuzaji alimlipa mnunuzi amwondolee mzigo, kwa kuwa matangi ya Cushing, Oklahoma, mahali mafuta hayo yanapopokelewa, yalikuwa yanakaribia kujaa. Lakini bei ina kinga zinazojulikana: unauza sehemu ya mafuta mapema kwa bei iliyofungwa, unapunguza visima vipya, unasubiri. Vinavyoumiza zaidi ni vile visivyo na soko la kujikingia.

Chukua kodi. Mwaka 2010 kampuni ya mafuta ya Heritage iliiuzia kampuni nyingine, Tullow, hisa zake katika vitalu (maeneo ya kutafutia mafuta) vya Ziwa Albert, Uganda, kwa dola bilioni 1.45. Mamlaka ya mapato ya Uganda ikadai kodi ya faida iliyotokana na mauzo hayo, zaidi ya dola milioni 400. Heritage ikakataa, ikisema mauzo yale hayatozwi kodi hiyo nchini Uganda. Muuzaji alikwisha kuondoka. Aliyebaki na kitu ndani ya nchi ni mnunuzi, basi mnunuzi ndiye aliyegeukiwa. Mpango wa Tullow wa kuuza sehemu ya vitalu hivyo kwa Total ya Ufaransa na CNOOC ya China ukakwama hadi mwaka 2012. Mwaka 2011 Tullow ililipa dola milioni 313 kwa niaba ya Heritage, kisha ikaishtaki Heritage huko London, ikashinda mwaka 2013. Fedha zilirudi, lakini muda haukurudi.

Kuna kihatarishi cha mbia. Ni nadra kampuni moja kubeba kitalu kikubwa peke yake: mmoja huwa mwendeshaji, wengine huchangia fedha. Jukwaa la Deepwater Horizon lilipolipuka katika Ghuba ya Meksiko mwaka 2010 na kuua watu 11, mwendeshaji wa kisima alikuwa BP. Anadarko, kampuni ya Marekani, ilikuwa na asilimia 25 tu na haikuendesha chochote pale, lakini mwaka uliofuata ilikubali kuilipa BP dola bilioni 4 ili kumaliza madai baina yao.

Anadarko hiyohiyo ndiyo iliyoanzisha mradi wa gesi wa Afungi, Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma ukitokea Mtwara. Total ikanunua sehemu ya Anadarko katika mradi huo mwaka 2019. Wapiganaji waliposhambulia mji wa Palma mwezi Machi 2021, Total iliondoa wafanyakazi wake, na Aprili ikatangaza tukio lisilozuilika. Hicho ni kifungu cha mkataba kinachoruhusu upande mmoja kusimamisha wajibu wake bila kuhesabiwa kuwa umevunja mkataba. Hakifuti mkataba. Kwa kawaida anayekitumia lazima aonyeshe kwamba tukio liko nje ya uwezo wake, na atoe taarifa kwa muda uliopangwa. Hapo pana swali gumu: uasi wa Cabo Delgado ulianza Oktoba 2017, kabla ya uwekezaji kuidhinishwa mwaka 2019. Je, jambo ulilolijua unaweza kusema limekushtukiza? Jibu hutegemea maneno ya kifungu chenyewe, ndiyo maana mawakili hugombania hata nukta. Tangazo hilo liliondolewa mwaka 2025, na kampuni ikaiomba serikali ya Msumbiji itambue gharama za ziada za dola bilioni 4.5 na kuongeza miaka 10 kwenye muda wa mradi. Juu ya hayo, waendesha mashtaka wa Ufaransa wamefungua uchunguzi kuhusu namna wakandarasi walivyolindwa Palma. Tukio moja, na limezaa hesabu, mkataba na jinai.

Leseni nayo haizuii kila kitu. Mwaka 2018 wananchi wa Turkana waliyazuia malori ya mafuta yaliyokuwa yakielekea Mombasa, wakidai usalama na mgawo wao. Karatasi za Nairobi zilikuwa zimekamilika.

Tanzania ina mfano wa upande wa pili. Gesi ya bahari kuu inayotarajiwa kusindikwa Likong'o, Lindi, bado iko ilipo, lakini Januari 2021 Equinor, kampuni ya Norway, ilifuta kwenye vitabu vyake dola milioni 982 za thamani ya mradi huo. Gesi haikupungua, kilichopungua ni imani kwamba itauzwa kwa faida. Kabla ya hapo, mwaka 2017, Bunge lilikuwa limepitisha sheria inayoruhusu mapitio ya masharti hasi, yaani yanayoonekana kuidhulumu nchi, katika mikataba ya maliasili, na nyingine inayotaka migogoro ya maliasili isipelekwe kwenye mahakama za nje. Mwekezaji huandika sheria hizo kwenye orodha ya vihatarishi, na hutaka mkataba wenye kifungu kinachozuia masharti yasibadilike njiani. Mwananchi wa Lindi anaweza kuziona kuwa kinga yake. Wote wawili wako sahihi, na sehemu kubwa ya mazungumzo ya mradi ule ni kuamua nani atabeba kipi, kwa miaka mingapi.